Faska na Maua ya Mtende Dume

Faska Uhammu hutoza nauli kwa kila kinachopanda pikapu yake, hata kuku. Niliwahi kumsikia akibishana na mwanamke mmoja wa Tamegrut kwa sababu ya jogoo aliyefungwa miguu. Mwanamke alisema jogoo ni mzigo wa mkononi. Faska akamjibu kwamba mzigo wa mkononi hauwiki. Wakabishana mpaka jogoo mwenyewe akawika, na mwanamke akalipa huku akicheka.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Faska hajawahi kukitoza hata dirhamu moja, nacho ni maua ya mtende dume. Ukimpa hayo atayafikisha popote bonde la Draa linapofika. Ukiingiza mkono mfukoni atakukemea kama vile umemtukania mama yake.

Nimemjua miaka ishirini na mbili, tangu siku alipokuja kuziba pancha kwangu. Kibanda changu kiko Tanfrut, kando ya barabara kuu, mwendo wa saa moja kaskazini ya Zagora. Naweza kusema matairi ya Faska yamewalisha watoto wangu. Hapendi tairi jipya, anasema linaringa. Hununua yaliyokwisha kutumika, kisha ananiletea mimi nihangaike nayo, na wakati nahangaika yeye huketi juu ya ndoo akinywa chai yangu na kunipa habari za bonde zima: nani kaoa, nani kachimba kisima akakuta mwamba, punda wa nani kaingia shamba la nani.

Alizaliwa M'hamid, kule lami inakokwisha na mchanga kuanza, siku ya Sikukuu ya Kuchinja, ndiyo maana akapewa jina hilo la Faska. Baba yake alikuwa na mitende arobaini. Mchanga ukaifunika pole pole, mwaka hata mwaka, mpaka wakawa wanachuma tende wakiwa wamesimama chini, kama watu wanaochuma nyanya. Mwaka uliofuata hapakuwa na cha kuchuma. Faska alikuwa na miaka kumi na minne. Akaajiriwa kwenye kikosi cha kufukua mchanga barabarani, koleo mkononi, na kuendesha gari alifundishwa na dereva wa lori la kikosi hicho, mtu aliyependa sana usingizi. Leo ana miaka hamsini na tisa, ana tumbo, ana kilemba cheusi kirefu, na katika bonde lote hana mtende hata mmoja ulio wake.

Safari ninayotaka kuieleza ni ya mwaka jana, mwezi wa Machi. Bila safari ile dada yangu asingekuwa Tanfrut leo.

Dada yangu anaitwa Rkia. Ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mumewe, Addi, alikuwa mchimba visima, naye Mungu amemchukua. Mwana wao mmoja, Salem, anafanya kazi kwenye mashamba ya nyanya karibu na Agadir. Rkia amebaki na nyumba ya udongo, mbuzi watatu na mitende tisa ya bufegus, zile tende nyeusi laini ambazo watu huja kuziulizia kwa jina. Ukame wa miaka sita ulitunyima mavuno, na mwaka wa mwisho wa ukame ukamuulia mtende wake dume, aliokuwa nao mmoja tu.

Salem ni kijana mwema, lakini alikuwa amechoka kumwaza mama yake. Alipokuja Ramadhani alimwambia: "Mama, tende zikikosekana mwaka huu tena, nakuja Oktoba nakuchukua. Utakaa na sisi. Niahidi." Rkia akaahidi. Na dada yangu akisema neno halirudishi. Nyumba ya Salem ni vyumba viwili ghorofa ya tatu. Rkia aliwahi kukaa kule siku kumi, akarudi kama mtu aliyetoka hospitali.

Basi msimu ule bwawa la juu lilifunguliwa, maji yakapita kwenye mto na kwenye mifereji, mitende ikainua vichwa. Tukasema alhamdulillahi. Kisha, kabla ya wakati, ukapiga upepo wa moto kutoka mashariki siku mbili mfululizo.

Asubuhi yake Rkia alikuja kibandani kwa miguu, ameshika kitawi cha maua mkononi. Faska alikuwa pale juu ya ndoo yake.

"Yamefunguka," Rkia akasema. "Yote. Mitende yote tisa."

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu juzi. Upepo umeyapasua kama mtu anayevunja mlango."

"Na madume ya kijiji?"

"Nimezunguka kote, mpaka mfereji wa juu. Makarara yamefumba, magumu kama pembe ya ng'ombe. Nimeyabonyeza moja moja mpaka vidole vinaniuma."

Karara ni lile ganda linalofunika maua ya mtende. La dume likiwa tayari, ukilibonyeza hulia ndani kama karatasi. Yale ya kwetu yalikuwa kimya. Na ua jike la bufegus likishafunguka husubiri siku tano, sita ukibahatika. Likikosa unga wa dume kwa siku hizo, mtende utazaa tende zisizo na kokwa, ngumu, chachu, ambazo hata punda huzila kwa kuwa hana la kufanya.

Faska akaweka bilauri chini. "M'hamid madume yamefunguka wiki nzima sasa. Mama yangu mdogo, Yamna, anayo mazuri. Kesho nakwenda."

"Kesho si siku yako ya M'hamid," Rkia akasema.

"Lalla Rkia," akamjibu, na Lalla kwetu ni kama kusema bibi, "gari ni langu au ni la kwako?"

"Ni la kwako, lakini..."

"Basi mwache mwenye gari aende anakotaka. Ila huyu ndugu yako lazima aje nami. Lile gurudumu la nyuma kushoto halinisikii mimi, linamsikia yeye."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, nyuma tukiwa na mitungi ya gesi na fremu moja ya dirisha ya mtu wa Tagunit. Ni njia ninayoijua tangu utoto, lakini asubuhi ile niliitazama kama mgeni, kwa sababu ya maji. Kushoto kwetu mto ulikuwa unang'aa katikati ya mitende. Wanawake walikuwa wakirudi na mizigo ya majani ya mbuzi mgongoni, na majani yalikuwa mabichi kweli, si yale makavu ya miaka iliyopita. Kulia kwetu majabali meusi, hayana hata mti. Lami imepita katikati ya vitu hivyo viwili, na kila baada ya kitambo kijiji, ukuta wa udongo, mnara wa msikiti, watoto wakinyanyua mikono. Faska alimjibu kila mtoto kwa honi. Honi yake ina kikohozi.

Baada ya Tamegrut mitende ikatuacha, tukapanda mlima, kona baada ya kona, tukateremkia upande wa pili ambako mchanga umeshafika kando ya lami. Gurudumu la nyuma kushoto lilipasuka mara moja tu. Faska alisema hiyo ni adabu kubwa kwa upande wake.

Mama mdogo Yamna tulimkuta mlangoni kwake akipepeta shayiri.

"Faska! Umenenepa. Nani anakulisha, mkeo au serikali?"

"Mke wangu, mama mdogo. Serikali inanikondesha."

"Na huyu bubu ni nani?"

"Ni fundi wangu wa matairi. Husema siku ya Ijumaa tu."

Faska akampa bonge refu la sukari lililofungwa karatasi ya buluu, kama inavyompasa anayekwenda kwa shangazi au mama mdogo. Yamna akalipima uzito mkononi.

"Hili ni dogo kuliko la mwaka jana."

"Ni lile lile, mama mdogo. Mkono wako ndio umepata nguvu."

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza swali ambalo kila anayetoa dume huuliza, maana kwetu dume haliuzwi, huombwa kwa mdomo, na mwombaji hutaja linakwenda kwenye mitende ya nani.

"La nani safari hii?"

"La Rkia wa Tanfrut. Mjane wa Addi, mchimba visima."

"Addi? Yule aliyechimba kisima cha hapa msikitini? Aliyekula mikate saba kwa siku moja?"

"Huyo huyo."

"Mungu amrehemu. Mtu anayekula vile huwa hana hila." Akamgeukia mwanawe. "Hmad, panda. Mkatie matatu."

Hmad alipanda peku, akabonyeza makarara moja moja huku ameweka sikio, akakata matatu yaliyolia. Tukanywa chai bilauri tatu, hakuna namna ya kutoka kwa Yamna kabla ya ya tatu. Halafu Faska akafungua kilemba chake, akakitandika kwenye kiti cha pikapu, katikati yetu, akapasua makarara mawili ili yapate hewa, la tatu akaliacha na ganda lake. Vitawi vikatoka vyeupe, maua yake kama punje za mchele, na harufu ile ambayo siwezi kuieleza, harufu ya unga na udongo uliolowa.

"Usiyafunike," akaniambia. "Yakikosa hewa yanaoza."

Nani asiyejua hilo katika bonde letu? Nililijua kabla ya kujua kusoma.

Tukageuza. Na hapo ndipo mambo yalipoanza, maana upepo wa moto haukuwa umepiga Tanfrut peke yake. Kila mahali majike yalikuwa wazi na madume yamefumba, na barabara ni moja, na habari hutangulia gari. Huko kwetu kuna sheria, haijaandikwa popote: ukibeba dume, mtu akikuuliza unalo, huwezi kusema huna. Utampa, hata kama ni kitawi kimoja.

Tagunit yule mtu wa fremu ya dirisha, ambaye asubuhi hatukumkuta, alipokea fremu yake, akachungulia ndani ya gari. "Faska, hayo ni madume?" Faska akakata fungu la vitawi, akampa. Kabla hatujawasha gari wakaja wanawake wawili, na baada yao mzee mmoja aliyekuwa anakimbia na kiatu kimoja. Kila mara Faska alikata vitawi juu ya kilemba, akivitikisa kidogo kabla ya kuvitoa, na kila mara mimi nilihesabu vilivyobaki. Mitende tisa, kila mmoja una mashada saba au nane, kila shada linataka vitawi vitatu. Hesabu hiyo haikuwa inapendeza.

Kwenye kizuizi cha barabarani, kabla ya mlima, askari kijana alitusimamisha.

"Umebeba nini, mzee?"

"Madume."

"Mangapi?"

"Unauliza kwa kazi au kwa haja yako?"

Askari akatazama huku na huku, akainama dirishani. "Mwenye nyumba wangu ana mitende miwili," akasema, "na binti mmoja."

"Kwa mitende nitakupa vitawi," Faska akamwambia. "Kwa binti jitegemee."

Wakacheka wote wawili, Faska akateremka kumpa mkono na kumuuliza kwao ni wapi. Karara la kwanza lilikuwa limebaki ganda tupu, la pili lilikuwa limefika nusu. Nikalichukua la tatu, lile zima. Nikalitia kwenye mfuko wa nailoni ninaowekea mipira ya ndani ya matairi, nikaufunga fundo, nikausukuma chini ya kiti. Nilijiambia ni kwa saa mbili tu. Nilijiambia ni la dada yangu. Chini ya kiti cha pikapu ile pana joto la tanuri, na hilo pia nilikuwa nalijua.

Tamegrut tulisimamishwa na yule yule mwanamke wa jogoo.

"Leo huniulizi nauli?" akamwambia Faska akipokea vitawi vyake.

"Havijawika," Faska akajibu.

Zagora wakatusimamisha watu wanne. Tulipoutoka mji, juu ya kilemba palikuwa na vitawi vichache ambavyo ungeweza kuvishika kwa mikono miwili. Nikashindwa kunyamaza.

"Kaka Faska, na dada yangu je?"

Akamaliza kona kwanza.

"Fundi, mimi napita hapa mara mbili kwa wiki. Barabara hii haina mwenzake. Nikimnyima yule mwanamke leo, Jumatano nitapitaje mlangoni kwake? Nitafunika uso?" Akapiga honi kwa mtoto aliyekuwa juu ya ukuta. "Na dada yako hakunituma nimletee dume la wizi."

Mguu wangu ulikuwa unagusa ule mfuko chini ya kiti.

Tulifika Tanfrut alasiri. Rkia alikuwa amesimama kando ya barabara, na kwa vumbi lililokuwa kwenye nguo zake niliona kwamba alikuwa amesimama tangu adhuhuri. Faska akavikusanya vitawi, akatazama kiti, akatazama chini.

"Yalikuwa matatu," akasema.

Nikautoa mfuko. Ndani ulikuwa umelowa jasho, umefura. Nilipoufungua ikatoka harufu ya unga uliochachuka. Karara lilipasuka mkononi kama tunda bovu, maua yameshikana mabonge mabonge.

Rkia alitazama karara, akanitazama mimi. Akaketi juu ya jiwe la kilomita lililo kando ya barabara, akaweka mikono juu ya magoti. Nimeona watu wakimlilia maiti wakaniuma kidogo kuliko vile alivyoketi dada yangu.

Faska akanusa. "Fundi," akasema, "nilikuleta uzibe matairi, wewe umetengeneza chachu." Kisha akamwambia Rkia, kwa sauti nyingine kabisa: "Inuka, Lalla. Alikuwa anakuwazia wewe. Nisaidie kushika kilemba hiki, shika pembe hizo mbili, usikitikise hata kidogo."

Hapo ndipo nilipoona. Kilemba kile cheusi kilikuwa kimegeuka rangi ya manjano hafifu katikati. Kila alipokata vitawi vya watu, kila alipovitikisa, unga ulikuwa umeanguka pale. Njia nzima alikuwa akigawa vitawi na kubaki na vumbi. Tukakikunja pembe kwa pembe kama tunaviringisha kitoto kichanga, tukakipeleka nyumbani kwa Rkia.

"Kwa nini hukuniambia njiani?" nikamuuliza baadaye.

"Sikujua kama litatosha. Na uso wako ulivyonuna, ulikuwa unanichekesha."

Alilala kwetu. Asubuhi, jua lilipopata moto kidogo, Rkia alileta unga wa ngano mkavu, uliochekechwa mara mbili. Faska akachanganya na vumbi la kilemba kwa vidole, akanusa kama mpishi, akaongeza kidogo. Mimi nikapanda. Yeye hapandi tena, anasema mitende imekuwa mirefu tangu aoe. Alisimama chini akipiga kelele za amri, na wapita njia wakasimama kumsaidia kupiga kelele.

Vitawi vilivyobaki vilitosha mitende mitano, kwa kubana, viwili kwa kila shada badala ya vitatu. Nilisema bismillahi, nikavichomeka vichwa chini katikati ya maua jike, nikafunga kwa ukuti. Kwa mitende miwili nilitumia unga wa kilemba, nikiupuliza polepole kwa mwanzi. Ikabaki miwili ya mwisho, iliyo karibu na mfereji. Rkia alikuwa ameanika yale maua yangu yaliyooza juu ya paa usiku kucha na asubuhi yote, yakakauka.

"Tia hayo," akasema.

"Dada, haya yamekufa."

"Tia, mdogo wangu. Wewe huna ujuzi wa kilichokufa na kilicho hai. Tia tu."

Nikatia. Faska akaenda zake, amechelewesha mitungi ya watu siku nzima, na kilemba chake kikabaki kwa Rkia kufuliwa.

Kisha ikabaki kungoja. Tende iliyopata dume hukua peke yake, moja mahali pake. Isiyopata hukua tatu pamoja, zimebanana kama watoto wanaolala kitanda kimoja, na hizo ndizo za punda. Lakini hilo halionekani kabla ya mwezi kupita na zaidi. Siku zote hizo Rkia alikuja kibandani, akakaa, akazungumza habari za mbuzi. Hakunilaumu hata kwa nusu neno. Salem alipopiga simu alimuuliza, "Tende, mama?" naye akamjibu, "Zipo juu, mwanangu. Mungu anazijua."

Katikati ya Mei, Jumatano, Faska alisimamisha gari mbele ya kibanda, hakuzima injini.

"Leo," akasema. "Funga duka."

Tukaenda kwa Rkia. Alikuwa anachota maji, akaiacha ndoo pale pale. Nikafunga kamba kiunoni, nikapanda mtende wa kwanza. Nikasukuma makuti, nikashika shada, nikalivuta karibu na macho.

"Ee?" Faska akapaza sauti.

"Moja," nikasema.

"Sema kwa nguvu! Hata kama leo si Ijumaa!"

"Moja! Moja moja! Shada zima!"

Rkia akafunika mdomo kwa mtandio. Nikashuka, nikapanda wa pili. Moja moja. Wa tatu, wa nne, wa tano. Faska alikuwa anahesabu kwa honi. Alikuwa ameingiza mkono dirishani mwa pikapu, na kwa kila mtende honi ile yenye kikohozi ililia, watu wakaanza kutoka majumbani wakidhani kuna harusi.

Ile miwili ya unga wa kilemba ndiyo niliyokuwa naiogopa. Nikapanda wa kwanza. Mashada hayakujaa kama ya mingine, palikuwa na mapengo, lakini tende zilizokuwapo zilikuwa moja moja, za kijani, zinang'aa. Wa pili hivyo hivyo. Nilipolitamka hilo Faska hakupiga honi. Aliketi chini, akaegemea gurudumu, akavua kilemba akajifuta uso nacho.

Ya karibu na mfereji nilipanda kwa sababu ilinibidi. Tatu tatu, zimebanana, zote. Nikalisema kwa nguvu pia, maana kosa lilikuwa langu.

"Saba," Rkia akasema kutoka chini. "Saba kati ya tisa. Shuka, mdogo wangu, shuka unywe maji. Saba ni nyingi, wallahi ni nyingi." Nami nilipofika chini alinishika kichwa kwa mikono miwili kama nilipokuwa mdogo, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya watu wote. Sina cha kumlipa dada yangu kwa hilo, wala sina cha kumlipa yule mtu aliyekuwa ameketi pale kwenye gurudumu, akimwambia kila aliyepita kwamba fundi wa matairi wa Tanfrut anatengeneza tende za punda kwa oda maalumu.

Mwezi wa Oktoba Salem alikuja na gari dogo aliloliazima kwa rafiki yake, viti vya nyuma vimekunjwa ili ipatikane nafasi ya godoro na sanduku la mama yake. Akakuta ua mzima umetandikwa mikeka, na juu ya mikeka tende nyeusi, na mama yake katikati akizichambua pamoja na wanawake watatu wa jirani, mikono imeng'aa kwa utamu. Tende za ile mitende miwili tulikuwa tumewapa punda, kama zilivyostahili.

Akaingia mpaka ukingoni mwa mkeka wa kwanza.

"Mama, ni nyingi hivi?"

"Vua viatu, utakanyaga."

Akavua. Akala moja, akala ya pili, akala nyingine nyingi kwa kusimama. Kisha akauliza, akiangalia chini: "Na Agadir je?"

"Niliahidi zikikosekana. Zimekosekana?"

Salem akatikisa kichwa. Nilimwona akicheka, na nadhani alikuwa na furaha kuliko mama yake, maana ni mzigo kumng'oa mama.

Mara mlinzi wa mfereji akaita kutoka njiani kwamba zamu ya maji ya nyumba ya Addi imefika. Rkia akafuta mikono, akachukua jembe lililokuwa ukutani, akatoka mbio mbio kama msichana. Salem akamfuata peku, viatu mkononi, akimwambia, "Lete jembe, mama, lete nikusaidie," na mama yake akimjibu kwamba aharakishe, maji hayangoji watu wa mjini.